Mtoto wa miaka saba naye apimwe

Ndugu mliohama vita mkapokelewa katika familia za wengine, leo tuzungumze jambo ambalo mama wengi wanalisema kwa sauti ya chini tu. Ni habari ya mtoto wa kike wa miaka sita au saba ambaye kwapa zake zimeanza kutoa harufu ya mtu mzima, uso unatoka chunusi, na nywele zinaota sehemu za siri.

Majirani hawachelewi kutoa hukumu. Mmoja atasema mtoto huyo ameanza kujua wanaume. Mwingine atasema amerogwa, au ni yeye mwenyewe mchawi. Wa tatu atasema amekwisha kuwa mwanamke, atafutiwe mume. Maoni yangu ni kwamba wote watatu wanakosea, na maneno yao yanaweza kumharibia mtoto maisha kuliko hali yenyewe.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo tezi adrenali. Tezi hizo mbili zinatengeneza homoni inayosaidia mwili kushindana na ugonjwa na mshtuko, na nyingine inayotunza chumvi mwilini. Kwa kawaida, mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8, zinaanza pia kutoa androjeni kidogo kidogo. Hizo ndizo zinazoleta harufu, mafuta usoni na nywele. Dalili zikionekana kabla ya miaka 8 kwa msichana, au kabla ya miaka 9 kwa mvulana, waganga wanasema tezi zimeamka mapema. Huo sio ubalehe wenyewe. Ubalehe unaanzishwa na ubongo, nao ndio unaoleta matiti na hedhi kwa msichana, na kukua kwa korodani kwa mvulana. Kwa hiyo, mtoto wa miaka saba mwenye nywele bado ni mtoto, mwili na akili.

Mara nyingi hali hii haina hatari ya haraka, na mtoto anafikia kimo cha kawaida. Inaonekana zaidi kwa wasichana, kwa watoto wanene kupita kiasi, na kwa waliozaliwa na uzito mdogo. Hapo ndipo inapotugusa sisi. Mama aliyebeba mimba akikimbia toka Masisi au Rutshuru, akila mara moja kwa siku, ni rahisi azae mtoto asiyefika kilo 2.5. Watafiti wameona kwamba baadhi ya wasichana walioanza mapema, hasa waliozaliwa wadogo, baadaye wanapata hedhi isiyofuata mwezi, au mwili unashindwa kutumia insulini vizuri, na hiyo ni njia ya kuelekea ugonjwa wa sukari. Sio wote, na watafiti wenyewe hawajakubaliana juu ya ukubwa wa hatari hiyo. Lakini inatosha kutufanya tumfuate mtoto mwaka hadi mwaka.

Sasa nauliza: nani anamfuata? Ule mkanda wa rangi wa kupima mkono ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mtoto akitimiza miaka mitano, anatoka kwenye orodha. Hakuna anayemwita tena kwenye mizani. Na mwanzoni mwa 2025, kambi nyingi zilizouzunguka mji wa Goma zilipovunjwa, familia zilibeba magodoro na masufuria. Karatasi ngapi za kupimia watoto zilibaki nyuma?

Kimo kinasaidia sana kutenganisha hali nyepesi na hali nzito. Mtoto wa umri huo anaongezeka karibu sentimeta 5 hadi 6 kwa mwaka. Akirefuka ghafla kupita wenzake, sauti ikawa nzito, uume wa mvulana ukakua mapema, msichana akaota matiti au kutoka damu kabla ya miaka 8, au mtoto akaumwa kichwa na kutapika mara kwa mara, apelekwe hospitali bila kungoja. Kuna pia ugonjwa wa kurithi wa tezi hizi ambao unaweza kuua mtoto mchanga katika wiki zake za kwanza. Anatapika, anakauka maji mwilini, na watu wanadhani ni kuhara tu. Dawa zake, haidrokotisoni na fludrokotisoni, ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Familia iliyowahi kupoteza mtoto mchanga kwa namna hiyo imwambie muuguzi, asiulizwe kwanza.

Kuna atakayesema: watu wanakosa unga, nawe unatuletea habari za homoni? Namwelewa. Lakini ninachoomba ni kidogo. Mashirika na vituo vya afya vinavyopima watoto wadogo viwapime pia hawa wa miaka 5 hadi 10, uzito na kimo, walau mara mbili kwa mwaka. Mizani ipo tayari. Na wazazi, chukueni kamba, mpime kimo cha mtoto, mpige fundo, na baada ya miezi sita mpige lingine. Alama ya ukutani inabaki nyuma watu wakikimbia; kamba inaingia mfukoni. Msimpe mtoto dawa za sokoni, hasa deksametazoni wanayomeza wanaotaka kunenepa: inazilaza tezi hizi hizi, na kuiacha ghafla kunaweza kuua.

Kwa majirani wenye hukumu, sheria iko wazi. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2006 inasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na inakataza kumdhulumu kimwili, kumnajisi na kumsingizia uchawi. Ndoa kabla ya umri huo imekatazwa. Mtoto wa miaka saba anayenuka jasho anahitaji maji, sabuni, kipimo, na mama wa kumweleza kwa upole kwamba hana kosa lolote.