Sungura kafukuzwa Florida, mganda umelala Nyasa

KUTOKA ZIWANI
Na Gaudensia Komba

Tarehe 7 Juni 2025 watu wazima, wenye kazi zao na wengine wenye wajukuu, walipanga foleni ndefu katika bustani ya burudani ya Disney kule Florida, Marekani, ili kuaga sinema ya vikaragosi. Wapo waliolia. Sinema yenyewe, Muppet*Vision 3D, ilifunguliwa 16 Mei 1991, mwaka mmoja kamili baada ya kifo cha Jim Henson, baba wa vikaragosi hivyo, na ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Nafasi yake wanapewa wahusika wa filamu ya Monsters, Inc. Ili kuwapoza mashabiki, kampuni ikatangaza kwamba vikaragosi vitahamia kwenye treni ya mizunguko iliyokuwa imepambwa kwa muziki wa kundi la Aerosmith. Mashabiki wa Aerosmith nao wakaanza kulalamika.

Mkulima wa Mbinga anayegeuza kahawa yake kwenye kichanja ana haki ya kuuliza machozi ya Florida yanamhusu nini. Yanamhusu mara mbili, na mara ya kwanza yana masikio marefu.

Katika himaya hiyo hiyo ya Disney palikuwa na mchezo uitwao Splash Mountain. Watu walipanda chombo chenye umbo la gogo, wakaelea taratibu kwenye mfereji huku sanamu zinazocheza na kuimba zikiwasimulia visa vya Sungura mjanja, kisha ghafla wakatupwa kwenye maporomoko na kutoka wameloa chepechepe. Ulianza California mwaka 1989. Mwaka 2020 kampuni ikatangaza kuubadilisha, na tangu hapo mashabiki wakagawanyika kama Simba na Yanga. Kambi moja ilikusanya saini kudai Sungura aondoke, kwa kuwa alitokana na filamu ya mwaka 1946, Song of the South, iliyoyapaka asali maisha ya watu weusi mashambani baada ya utumwa. Kambi nyingine ilikusanya saini kudai abaki, kwa kuwa ndiye aliyewaloanisha wakiwa watoto. Mlango wa Florida ulifungwa Januari 2023, na Juni 2024 ukafunguliwa kwa jina la Tiana, binti mfalme mweusi wa filamu ya mwaka 2009.

Sasa, huyo Sungura ni nani? Mwandishi Joel Chandler Harris alitoa kitabu chake cha kwanza cha visa hivyo mwaka 1880, na aliviokota vinywani mwa watu weusi wa Georgia. Kisa kilichovuma kuliko vyote ni kile cha Sungura kunasa kwenye sanamu la lami: anasalimia, hajibiwi, anapiga kofi, mkono unaganda, anapiga teke, mguu nao unaganda. Ndugu wa kisa hiki wamejaa Afrika nzima. Ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba, usiku anakuja kuiba maji, na wenzake wanamtega kwa ulimbo, mahali pengine kwa sanamu, mahali pengine kwenye gamba la Kobe. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa anaitwa Kalulu. Wakati Wamarekani wanagombania hatima yake, hakuna aliyefikiri kupiga simu Lituhi, huku ziwani kwetu, kuuliza bibi yeyote ana maoni gani.

Na bibi angekuwa nayo. Pengine angewaambia kwamba Sungura amezoea kufukuzwa. Pengine angeshangaa zaidi kusikia kwamba hadithi inaweza kuwa na mwenye nyumba, mwenye ufunguo wa kuifunga siku anayoitaka yeye.

Mara ya pili ni mganda.

Asiyeujua aufikirie hivi. Wanaume wamejipanga safu, kaptula na mashati meupe, soksi zimepandishwa hadi magotini. Wanakwenda kwa hatua fupi, bega linainama, mguu unachelewa kidogo kama wa ofisa anayejua anatazamwa. Ngoma kubwa inapiga katikati. Mdomoni wameshika malipenga, yaani vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa tundu kwa utando wa buibui, na kila mtu analiimbia lipenga lake mpaka sauti inatoka na mkwaruzo kama bendi ya tarumbeta iliyopata mafua. Wanawake wana kioda yao, ambayo wengine huitamka kihoda. Mchezo huu umeota mizizi pwani yote ya Nyasa, umepanda milimani kwa Wamatengo, na ng'ambo, Likoma na Nkhata Bay, wanauita kwa jina la kile kibuyu, malipenga.

Ukimuuliza mzee wa Liuli, atasema hii ni ngoma ya asili. Ni kweli, lakini asili yake ni ya juzi. Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliifuatilia familia nzima ya ngoma hizi katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu Beni. Beni ilizaliwa miji ya pwani kama Lamu na Mombasa miaka ya 1890, watu wakiigiza bendi za wazungu, wakigawana vyama vya Marini na Arinoti, wakipeana vyeo vya mfalme, kapteni na daktari. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaisambaza bara pamoja na askari na wapagazi. Huku kwetu vita yenyewe ilifika mapema mno. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliingia Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, ikaishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza, tena aliyempiga ni rafiki yake wa kunywa naye.

Vita ilipokwisha, gwaride lilibaki vijijini likiwa mchezo. Aliyelazimishwa kubeba mzigo nyuma ya ofisa sasa aliweza kuwa ofisa mwenyewe, Jumapili, mbele ya wakwe zake. Ofisa wa mganda basi ni kikaragosi, isipokuwa mkono uliomo ndani yake ni wa mwenye mwili.

Ndiyo maana safu hii haimcheki shabiki anayelia Florida, lakini pia haimwamini sana anaposema kitu chake kilikuwa hivyo tangu zamani. Kermit, chura mkuu wa Henson, alitengenezwa mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama mtu, na macho yake yalikuwa mpira wa tenisi ya mezani uliokatwa vipande viwili. Wala hakuwa chura. Alikuwa kiumbe fulani wa kijani, uchura ulikuja baadaye, pamoja na ile kola ya shingoni. Henson alipofariki, Steve Whitmire akauingiza mkono; mwaka 2017 ikajulikana kwamba ameondolewa, Matt Vogel akapokea, na mashabiki wakateta kwamba sauti si ile. Koti kuukuu huko, kibuyu na utando wa buibui huku: vitu vya kuokoteza, vikishapendwa miaka hamsini, vinageuka kuwa mila ambayo haiguswi.

Afrika Mashariki nayo imeonja mapenzi haya. Watoto wa Tanzania walikuwa na Kilimani Sesame, ndugu wa Kiswahili wa kipindi cha Marekani cha mwaka 1969. Wakubwa, hasa Kenya, walikuwa na The XYZ Show, iliyoanza Citizen TV Mei 2009 chini ya mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeiga mfano wa Wafaransa. Pale vikaragosi vya mpira vilikuwa viongozi wenyewe, Kibaki, Raila na wenzao. Faida ya utaratibu huo ni kwamba hakuna shabiki aliyeweza kudai wahusika wasibadilishwe. Kazi hiyo walikuwa nayo wapiga kura.

Turudi ziwani, kwa sababu ubishi wa huku una kitu ambacho Florida hawana. Wa huku wanabishana wakiwa wachezaji. Kijiji kimoja kikiamua kuongeza wimbo unaosema bei ya pembejeo, au kukata soksi, au kumpa cheo kijana asiyejua kuchelewesha mguu, hakiombi kibali cha kampuni. Kinapeleka uamuzi wake kwenye mashindano, na kijiji cha pili kinaujibu hapo hapo kwa kuucheza vizuri zaidi au kwa kuucheka. Mganda na kioda ni michezo ya kualikana. Wenyeji wanapokea wageni, wanawalaza, wanawalisha ugali, nyama na pombe, na mwaka mwingine wanalipwa kwa kualikwa wao. Ubishi kuhusu nani kabadili nini huliwa pamoja na ugali huo.

Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu ugali una bei. Mtafiti wa muziki Stephen Hill alipoandika kuhusu ngoma za Umatengo katika kitabu Mashindano!, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2000, aliipa sura yake jina alilolisikia huku huku: Mchezo Umelala. Haukulala kwa sababu vijana walibadili kaptula. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka duniani, na Mbinga, wilaya inayokula, kusomesha na kuoa kwa kahawa, ikaumia. Chama kikuu cha ushirika, MBICU, nacho kikaanguka katika muongo uliofuata. Kijiji kisichoweza kulisha wageni hakiwezi kualika, na kisichoalika hakialikwi.

Kwa hiyo anayetaka kumjua mharibifu wa mganda asianze na kijana mwenye simu. Aangalie mizani ya kahawa kwanza.

Mharibifu wa pili ni mpole zaidi, na amekuja na heshima zote. Ni jukwaa la mgeni rasmi. Ngoma iliyozoea kuchezwa mchana kutwa, na hatua zake za kuchelewa, inaitwa uwanjani, inapewa dakika chache kabla ya risala, inaambiwa iishie mgeni anaposimama kutunza. Hakuna kijiji cha pili cha kujibu. Hakuna wa kucheka. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 za kona zilizokuwa zikila siku nzima wakati wa masika, imeleta wageni wanaotaka kuona ziwa, samaki wa mapambo na "ngoma ya asili" kabla ya chakula cha jioni. Waje, wanakaribishwa, na walipe. Lakini siku mganda utakapochezwa kwa ajili yao tu, kwa saa waliyopanga wao, utakuwa umehamia kwenye bustani ya burudani, na mwenye ufunguo hatakuwa tena kijiji.

Safu hii ilikaa hivi karibuni chini ya mwembe, upande wa ufukwe, ikisikiliza mjukuu na babu yake. Kijana alikuwa ameziba lipenga lake kwa kipande cha nailoni.

"Shikamoo babu. Sikiliza hii."

"Marahaba. Nimeshasikia. Mbu."

"Babu, buibui siku hizi hawapo. Nyumba zote bati, mnapiga na dawa."

"Buibui wapo, wewe ndiye mvivu. Mimi nikiwa na umri wako, mume mwenzangu, nilikuwa nachungulia hadi chooni kutafuta utando."

"Ndiyo maana nyimbo zenu zilikuwa na harufu."

Waliokuwepo wakacheka, babu zaidi ya wote. Akalichukua lipenga, akaliimbia ubeti mmoja, akalitoa mdomoni, akaligeuza, akaliimbia tena kwa sauti ya chini. Akasema la nailoni linafaa kwa wimbo wa haraka, lakini wimbo wa kuingilia uwanjani unataka utando, na hilo halina mjadala. Kijana akasema lina mjadala. Ngoma kubwa ilikuwa motoni ikikazwa ngozi, mama mmoja akaita watu waje kula samaki, na wale wawili hawakuinuka.