Masomo ya juu si anasa: krediti za wanafunzi wahami zisipotee

Tangu mji wa Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu wiki chache nyuma yake, wazazi wengi wameuliza kuhusu watoto wa shule za msingi na wale wa mitihani ya serkali. Ni haki yao. Lakini kuna kundi lisilotajwa sana: wanafunzi wa masta na doktora, waliokuwa wanamaliza utafiti wao na ambao wamekimbia na mifuko mgongoni kama wahami wengine.

Wako watakaosema: familia inalala chini ya hema, unga hakuna, doktora ni ya nini? Jibu liko hapa hapa Kivu ya Kaskazini. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, dawa mbili zilionyesha nguvu katika majaribio yaliyofanyika Beni, Butembo na jirani zake. Moja, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Kazi hiyo inafungamana na Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyesomea uganga Lovanium, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa, akafanya doktora Ubelgiji, kisha akarudi inchini. Doktora ya mtu mmoja ilisaidia kuokoa wagonjwa wa Mangina.

Tena, bila doktora hakuna profesa. Msaidizi anaweza kufundisha miaka mingi, lakini hawezi kupanda hadi uprofesa bila kutetea tasnifu yake. Ndiyo maana vyuo vya mashariki vimezoea kungojea maprofesa wageni kutoka Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa, njia hiyo nayo ilifungwa. Tukiwapoteza vijana hawa wa masta leo, watoto wetu watakosa walimu kesho.

Dawa ya shida hii imo ndani ya mpango wa serkali wenyewe. Mpango wa LMD, ulioenezwa katika vyuo vyote tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu masomo kwa krediti: 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi, 120 kwa masta. Maana ya krediti ni kwamba mwanafunzi akifaulu somo, anaondoka nalo. Basi, kumwambia mhami aliyemaliza mwaka wa kwanza wa masta aanze upya kwa kuwa amehamia Kisangani au Bunia ni kuuvunja mpango huo.

Wizara ya elimu ya juu inaweza kufanya mambo matatu bila kungojea vita viishe. Kwanza, iamuru vyuo vya serkali vipokee wanafunzi hao na krediti zao. Pili, iruhusu profesa kuongoza utafiti kwa simu na intaneti, na mwanafunzi atetee kazi yake pale alipo. Tatu, aliyepoteza karatasi za pointi apewe nyingine bila malipo. Na mtu asidharauliwe wala kushukiwa kwa sababu tu ametoka mji ulioshikwa na waasi. Hakuuchagua utawala huo.

Wahami nao wana kazi ya kufanya. Mwenye karatasi za pointi azipige picha na kumtumia ndugu aliye mbali. Mwenye utafiti ndani ya kompyuta aweke kopi mahali pengine. Wazazi, msimwambie kijana kwamba masomo yake yamekwisha.

Nyumba iliyobomolewa itajengwa tena, hata kama ni kwa shida. Lakini inchi ikipoteza kizazi kizima cha watafiti, hakuna msaada wa nje utakaokirudisha.