Pwani Walisoma Kabla Yetu

Kuna maneno niliyoyasikia Makambako, katika harambee ya kujenga madarasa ya shule ya kanisa, nami siwezi kuyaacha yapite. Mzee mmoja alitoa mchango wake, tukampigia makofi. Kisha akasema: “Kanisa ndilo mama wa elimu. Watu wa Pwani walikuwa gizani mpaka wamisionari walipofika, na hata leo hawapendi shule.” Watu wakaitikia, “Amina.” Mimi sikuitikia.

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Haisemi kwamba jirani akiwa Mwislamu tumeruhusiwa.

Muda mrefu kabla ya meli ya mmisionari kutia nanga, watoto wa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa walikuwa wakienda chuoni kujifunza Kurani. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na watu walitunga tenzi na kuandikiana barua. Jisikilizeni mnavyosema: elimu, mwalimu, kitabu, kalamu, darasa. Maneno haya yalitoka katika Kiarabu yakatufikia kupitia Pwani. Hata imani, ibada na Injili tumeyapokea kwa njia hiyohiyo. Neno “shule” ndilo tulilopewa na Mjerumani. Anayesimama madhabahuni na Biblia ya Kiswahili mkononi amesimama juu ya kazi ya walimu wa Pwani.

Sidharau wamisionari. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864 alianza na wavulana watano waliookolewa utumwani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua kituo Bagamoyo mwaka 1868, wakawapokea watoto waliokombolewa. Hiyo ilikuwa huruma ya kweli. Lakini mzazi Mwislamu aliona kwamba mlango wa shule ulielekea kwenye ubatizo. Alichokiogopa ni kumpoteza mwanawe, wala si kitabu. Ushahidi uko Tanga: serikali ya Kijerumani ilipofungua huko, mwanzoni mwa miaka ya 1890, shule isiyofundisha dini, watoto wa Kiislamu walikwenda, na waliosoma humo wakawa makarani na walimu. Nawauliza, baba na mama wa Njombe: kama shule pekee hapa ingemfundisha mtoto wenu sala ya dini nyingine, mngempeleka?

Sisi hatukuwa na swali hilo. Wamisionari wa Berlin walifika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, na kituo chao cha Kidugala kikatoa walimu na wainjilisti. Waliobatizwa walisoma, waliosoma wakapata kazi. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, Wakristo walikuwa mbele sana katika elimu. Hatukuwa mbele kwa sababu ya akili zetu. Mlango ulikuwa upande wetu.

Ndiyo maana nachoka kusikia manung'uniko kwamba serikali “ilitunyang'anya” shule baada ya sheria ya elimu ya 1969. Iliyachukua majengo yetu, ni kweli, na iliwafungulia watoto ambao sisi hatukuwafungulia. Luther mwenyewe, mwaka 1524, aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule. Hakuona aibu kwamba serikali isomeshe watoto. Sisi tunaojiita kwa jina lake tunaona aibu gani?

Sasa tumeruhusiwa tena kujenga shule, na tunajenga. Nani anaingia? Katika usharika wangu yuko mama auzaye viazi. Binti yake alifaulu usaili wa shule moja ya kanisa. Mama akahesabu magunia, akahesabu ada, akamrudisha binti nyumbani. Kila Jumapili mama huyo hutoa sadaka. Zamani mlango ulikuwa ubatizo. Leo ni ada, na sasa umewafungia hata waliobatizwa.

Mtaniambia shule ina gharama, na walimu hawali maombi. Kweli. Lakini kila mwaka tunaleta madhabahuni mahindi, viazi na maparachichi, tunafanya mnada, na fedha zinakwenda kwenye uzio na rangi. Sadaka ya mavuno ya mwaka mmoja mmoja iende kwenye ada za watoto maskini, na mtoto wa jirani Mwislamu awemo katika orodha, asilazimishwe kuingia ibadani.

Tukifanya hivyo, mzee wangu wa Makambako anaweza kusimama tena aseme kanisa ni mama wa elimu. Mama hawaulizi watoto kama wana fedha kabla ya kuwapakulia. Siku hiyo nitaitikia Amina kabla ya wote.