Kikombe cha hedhi bila maji ni mzigo

Kikombe cha hedhi hakipotelei tumboni. Wanaotisha wasichana hivyo waache. Kinakaa hadi saa 12, kinamwagwa, kinaoshwa, kinarudishwa. Kikitunzwa kinaweza kudumu miaka 10, wakati kotex ni za kununua kila mwezi.

Lakini kugawia wakimbizi wa ndani kikombe kitupu ni kuwatania. Kinapashwa kuchemshwa kabla na baada ya kila hedhi. Katika sufuria gani, ile moja ya ugali wa watoto? Kwa makala ya nani? Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada yenyewe yanazitaja, zinadai lita 15 za maji kwa mtu kila siku na choo 1 kwa watu 20, chenye kufungwa kwa ndani. Karibu na Goma ardhi ni mawe ya volkano, kuchimba choo ni kazi ngumu, sawa. Komeo la mlango je, nalo linachimbwa?

Anayejaribu mara ya kwanza anaweza kuhitaji hedhi 2 au 3 hadi azoee. Atajizoeza nyuma ya turubai lenye matundu, watu wakipanga foleni nje?

Kikombe kije na sufuria yake, sabuni, komeo, na mama wa kumwelekeza msichana. Na asiyekitaka apewe vitambaa vya kufua, bila kuitwa mjinga.