MAKATO YETU YAMEKWENDA WAPI?

Ndugu Wafanya Kazi wa Kaunti,

Kila mwisho wa mwezi twapewa karatasi ya mshahara. Juu pameandikwa mshahara wote, na chini yake makato: akiba ya uzeeni, SACCO, mkopo wa benki, bima ya afya. Ukiitazama waweza kudhani kila shilingi imefika mahali pake. Sivyo! Katika kaunti nyingi kilichotoka ni pesa ya mkononi tu. Makato yameandikwa lakini hayakupelekwa. Mifuko ya malipo ya uzeeni yazidai kaunti mabilioni ya shilingi, na sehemu ya deni hilo ilirithiwa kwa mabaraza ya zamani, kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Mdaiwa amebadilisha jina. Anayeumia ni yule yule: mfagiaji wa soko, karani, askari wa baraza.

Matokeo yake twayaona. Mtu amestaafu baada ya miaka thelathini, akaambiwa angoje, mwajiri hajaleta pesa. Mwingine amekatwa mkopo kila mwezi, lakini SACCO yamwandikia barua kama mtu asiyelipa, na wadhamini wake wanaanza kukatwa.

Wakubwa wana jibu moja: Hazina imechelewesha pesa. Ni kweli Hazina huchelewesha, nasi pia hungoja mshahara kwa sababu hiyo. Lakini pesa hufika hatimaye, na ikifika makato huachwa nyuma na mambo mengine hulipwa. Hatujasikia safari ya wakubwa iliyongoja miaka kumi. Tena makato si mali ya kaunti. Ni mshahara wetu, tumekwisha kuufanyia kazi. Aliyeshika cha mwenzake akakitumia, kijijini tunajua jina lake.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema mwajiri anayekata pesa na asiipeleke ametenda kosa, na adhabu yake ni faini au kifungo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 226, yasema mwenye cheo aliyeidhinisha pesa za umma zitumiwe kinyume cha sheria atalipa hasara mwenyewe, hata akiwa ameondoka kazini. Kifungu cha 229 chamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti yake katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge au baraza la kaunti lijadili na kuchukua hatua katika miezi mitatu.

Basi ugonjwa uko wapi? Uko katika neno hili: "Kaunti imeshindwa." Kaunti haina mkono wa kutia sahihi. Aliyetia sahihi ni mtu, ana cheo na ana ofisi. Maadamu ripoti yajadiliwa bila kumtaja mtu, mwaka ujao itaandikwa tena vile vile. Na deni likikaa huzaa riba na faini, zinazolipwa kwa kodi ya mwananchi aliyekosa dawa na maji. Kwa hiyo jambo hili si la wafanya kazi peke yao.

Nasi tusijifiche. Wako wenzetu ambao, mkubwa akiulizwa, husema, "Mwacheni, ni mtoto wetu." Mtoto wetu ni yule anayetulipia akiba yetu!

Twadai haya:

1. Kila mwezi kaunti ibandike ubaoni risiti za makato yaliyopelekwa.

2. Makato yatoke siku moja na mshahara, kabla ya safari na posho.

3. Baraza la kaunti limwite kwa cheo chake ofisa aliyeidhinisha matumizi, na hasara itozwe kwake.

Wewe mwanachama, usingoje. Nenda kwa mfuko wako uombe taarifa ya akiba, uilinganishe na karatasi zako za mshahara. Pakikosekana mwezi, mwone mwakilishi wa chama kazini kwako. Kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ofisi ya umma yapaswa kujibu ombi la maandishi katika siku 21. Barua ya mtu mmoja hutupwa kapuni. Barua mia tano zaandikiwa majibu.

Jasho ni letu, akiba ni yetu. UMOJA NI NGUVU!