Mstari wa barabara huchorwa kabla ya baraza

Wengi wetu Oldonyiro tunaanza kupiga kelele tukiona buldoza. Vijana, hapo tushachelewa. Barabara kuu huamuliwa mapema sana, kwenye picha za setilaiti na ramani za miinuko.

Mhandisi huanza na ukanda mpana, ndani yake akachora njia mbili tatu. Kila njia anaipima: mwinuko ni mkali kiasi gani, laga itavukwa wapi ili daraja liwe fupi na lisimame pagumu, changarawe na mawe yatatoka umbali gani. Udongo mweusi anaukwepa akiweza, maana hufura wakati wa mvua, ukikauka unapasuka na lami juu yake. Hiyo ni elimu safi, hatuna ugomvi nayo.

Ugomvi uko kwenye hesabu ya magari. Watu huketi kando ya njia wakihesabu matatu, lori na pikipiki, na hesabu hiyo husaidia kuamua barabara ina faida au haina. Sasa mbuzi anayekuja soko la mifugo Oldonyiro kwa miguu anahesabiwa na nani? Njia ya ng'ombe kwenda Ewaso Nyiro wakati wa kiangazi haina bango. Kwenye ramani hapo ni pori tupu, na pori tupu ni rahisi kupitisha barabara. (Ndovu wa kule Lewa wamejengewa njia chini ya barabara ya Nanyuki–Meru. Ng'ombe wetu je?)

LAPSSET, iliyozinduliwa Lamu Machi 2012, imepangiwa ukanda wa mita 500 upana, na Isiolo ndiyo njia panda yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema watu wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo kwenye bandari, ikaagiza wavuvi walipwe Sh1.76 bilioni. Hukumu nzuri, ila kazi ilikuwa ishaanza baharini.

Halafu kuna hili: chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba yetu. Fidia ikitoka, kaunti ndiyo inaipokea kwanza. Kwa hivyo usajili usisubiri barabara.

Simu zetu zina GPS. Tembeeni na wazee, wekeni alama kwenye visima, makaburi, malisho na vivuko vya mifugo. NEMA ikitangaza ripoti ya athari za mazingira, ramani hiyo ipelekwe kwa maandishi, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwetu.