Alizeti ya Kanda ya Kati na Kipimo cha Sera ya Ubunifu

Mjadala wa sera ya ubunifu nchini Tanzania, yaani maamuzi ya serikali yanayokusudiwa kuyafanya maarifa mapya yazae bidhaa, huduma au njia bora za uzalishaji, umeelekezwa zaidi kwa mbunifu kuliko mahali ambapo kazi yake inatarajiwa kuleta tija. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, pamoja na Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019, vimewaibua vijana wenye vipaji ambao vinginevyo wasingejulikana, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kumtambua mbunifu hakutoshi kuinua uchumi wa kanda, na ushahidi wa wazi wa jambo hilo unapatikana katika zao la alizeti.

Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi Mmarekani Carl Bielenberg alibuni mkoani Arusha mashine ya mkono ya kukamulia mafuta, ambayo mtumiaji huvuta na kushusha mtaimbo mrefu unaosukuma pistoni, nayo pistoni hubana mbegu ndani ya silinda yenye matundu mpaka mafuta yachuruzike. Mashine hiyo ilikuwa rahisi kiasi cha kutengenezwa na mafundi wa karakana ndogo, lakini ilihitaji mbegu yenye ganda laini, kwa hiyo waliotaka kuieneza walilazimika kueneza pia mbegu ya aina ya Record. Chuma kilichochomelewa kwa ustadi kisingemfaa mkulima ambaye shambani mwake mlikuwa na alizeti ya ganda gumu.

Uhusiano wa namna hiyo ndio ambao wataalamu wa uchumi wa maeneo, akiwamo Philip Cooke aliyeandika kuuhusu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wameuita mfumo wa ubunifu wa kanda: mtandao wa watafiti, mafundi, wazalishaji, wakopeshaji na wadhibiti wa eneo moja, ambao hujifunza kwa kutegemeana. Katika Dodoma na Singida, ambako mvua ni za msimu mmoja na alizeti huvumilia ukame kuliko mahindi, viungo vingi vya mtandao huo vipo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973, huwahudumia wakamuaji, na taasisi za utafiti wa kilimo hushughulikia mbegu. Kinachokosekana ni kuviunganisha. Mkamuaji mdogo asiye na mtaji wa kununua na kuhifadhi alizeti ya kutosha wakati wa mavuno hufanya kazi miezi michache, kisha mashine yake husimama. Mashudu anayoyauza kwa ajili ya chakula cha mifugo huondoka yakiwa bado na mafuta ambayo kiwanda kinachotumia kiyeyushi kingeweza kuyatoa. Na mafuta yake, yaliyochujwa bila kusafishwa kikamilifu, hupata shida kuingia katika soko linalodai alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) na nyongeza ya vitamini A. Hakuna hata kimoja kati ya vikwazo hivi kinachosubiri uvumbuzi mpya, kwani teknolojia ya kuviondoa inajulikana.

Kiungo kilicho na nguvu kuliko vyote, ambacho ni nadra kuhesabiwa kuwa sehemu ya sera ya ubunifu, ni ushuru wa forodha. Katika bajeti ya 2018/19 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula yanayoagizwa kutoka nje hadi asilimia 25, na wa yaliyosafishwa hadi asilimia 35. Mwaka 2021 serikali iliipa mikoa ya Dodoma, Singida na Simiyu kipaumbele katika kilimo cha alizeti, ikafuata ruzuku ya mbegu, na wakulima wakaitikia. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka, huku wakulima na wakamuaji wakilalamikia mafuta yaliyoingizwa kwa ushuru nafuu. Tatizo hapa si kiwango cha ushuru peke yake, bali pia wakati wake: mkulima wa Singida hupanda kuanzia Desemba, ilhali bajeti husomwa Juni, mavuno yakiwa tayari ghalani au njiani kwenda kwa mkamuaji. Anaombwa kununua mbegu bora kabla ya kujua ushindani atakaoukuta sokoni.

Ni kweli kwamba nchi inayoagiza zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula haiwezi kumsahau mlaji wa kipato cha chini, ambaye ndiye hulipa gharama ya ushuru wakati uzalishaji wa ndani ungali mdogo. Hoja hiyo ni nzito, lakini inadai ushuru unaopungua kwa ratiba iliyotangazwa miaka kadhaa kabla, badala ya ule unaobadilika kwa dharura. Ratiba ya namna hiyo ingempa mkopeshaji sababu ya kumwamini mkamuaji, na halmashauri zingeweza kuelekeza sehemu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, inayotengwa kisheria kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, katika mitambo ya pamoja ya kusafishia mafuta, inayotumiwa na vikundi kadhaa vya wakamuaji kwa zamu na kukaguliwa na TBS mahali pamoja.